Ndiyo ya Watu wa Adabu

Hakuna aliyemchukia Mwalimu Anselmo Katunzi. Hilo lieleweke mapema, maana kila anayesikia jinsi darasa lake lilivyokufa hutafuta adui, na adui hayupo. Darasa lilikufa kwa kupendwa. Lilikufa kwa “ndiyo, Mwalimu” na “bila shaka, Mwalimu”, kwa chai ya tangawizi na sambusa za moto zilizowekwa mezani kila alipobisha hodi. Afadhali wangemtukana. Mtu akitukanwa anajua asimame wapi.

Ilianza mwezi Machi, barafu ikiyeyuka na changarawe zilizomwagwa njiani wakati wa theluji zikikwaruza chini ya viatu kila mahali. Hanna, mkuu wa walimu wa lugha za nyumbani katika manispaa yao pembezoni mwa Stockholm, alimwita ofisini, akamvutia kiti, akamweleza bila kuzunguka. Msimu ujao watoto wawili wa darasa lake la Kiswahili wanahama mji. Sheria anaijua: darasa la lugha ya nyumbani linataka watoto watano wa manispaa hiyo, na lazima wazazi wenyewe waombe, kwenye mtandao, kabla ya katikati ya Mei. Wakiwa chini ya watano, hakuna darasa. Yeye Anselmo naye umri wa kustaafu umefika, amebaki kwa sababu ya darasa tu. Likifungwa, hakuna mwalimu mwingine wa Kiswahili atakayeajiriwa.

“Una watoto wa kutosha?” Hanna aliuliza.

“Nawajua watu wangu,” Anselmo alijibu, akatoka akitabasamu.

Aliwajua kweli. Tatizo halikuwa kutowajua.

Alizaliwa Kamachumu, juu ya Bukoba, kwenye migomba na ukungu wa asubuhi. Nyumbani walisema Kihaya, shule ya msingi Kiswahili, na alipochaguliwa kwenda sekondari ya mapadri akakuta sheria ya kibao. Mwanafunzi akikamatwa akisema Kiswahili badala ya Kiingereza, alivishwa kibao shingoni kwa kamba ya katani, na hakuvuliwa mpaka amkamate mwenzake na kumvisha yeye. Kilikuwa kibao chepesi, mtoto angeweza kukizungusha kidoleni. Lakini Anselmo aliona wavulana waliokuwa wakigawana kipande kimoja cha muhogo wakianza kunyatiana nyuma ya bweni, wakitegesha masikio wasikie rafiki akilia kwa lugha isiyoruhusiwa. Naye alinyatia. Tangu hapo aliamini kwamba shule yaweza kumgeuza mtoto akawa mpelelezi wa kinywa chake mwenyewe.

Stockholm alikuja katikati ya miaka ya themanini kujifunza mitambo ya simu. Akafanya kazi, akabaki, akamwoa Winifrida, binti wa Kingoni kutoka Peramiho aliyekuja kusomea uuguzi, mwanamke mwenye ulimi ambao hadi leo haujapata baridi ya Sweden. Akapata ofisi Kista, mtaa wa makampuni ya simu, kiti kinachozunguka, dirisha linaloona msitu. Wakazaa mtoto mmoja, Brigitha. Na baba huyu, aliyekichukia kibao kuliko malaria, akaketi na bintiye mezani kila jioni, kitabu cha darasa la pili kutoka Tanzania mbele yao, rula mkononi. Hakumpiga. Rula ilikuwa ya kuonyeshea tu. “Rudia. Si hivyo. Rudia tena.” Mtoto akirudia akilia. Alipofika miaka saba Brigitha aliomba, kwa Kiswidi, baba asiseme Kiswahili mbele ya rafiki zake. Alipofika miaka tisa akasema hakumbuki tena. Hakuwa anadanganya. Sasa ni mtu mzima, anaishi Malmö, na kila Jumapili hupiga simu. Baba husema Kiswahili, binti hujibu Kiswidi, na wote wawili huzungumzia hali ya hewa.

Jambo hilo lilimla Anselmo kama mchwa alavyo mlango: nje rangi safi, ndani vumbi. Siku moja akaaga Kista, akarudi chuoni kusomea ualimu pamoja na vijana wa rika la bintiye.

“Watu wanatoka shambani kwenda ofisini,” Winifrida alimwambia. “Wewe unatoka ofisini kwenda kuimba a-e-i-o-u.”

“Siendi kuimba. Kuimba ndiko kulikotuua.”

Katika chumba cha walimu wa lugha za nyumbani alimkuta Radmila, mwalimu wa Kiserbia, mwanamke mnene wa sauti nzito aliyechemsha kahawa yake mwenyewe kwenye kijungu kidogo kwa sababu, alisema, kahawa ya ofisi ilikuwa maji yaliyoshtuka tu. Waliongea Kiswidi cha wageni wawili, ambacho ni Kiswidi kizuri sana kwa sababu hakuna anayemcheka mwenzake. Radmila ndiye aliyemsimulia habari za daktari.

Alimsimulia kama mtu anavyomsimulia mjomba wake, ingawa huyo daktari aliishi karne ya kumi na tisa, Waserbia wengi wa kwao wakiwa chini ya mfalme mkuu wa Austria. Alikuwa msomi, tabibu kamili. Angeweza kukaa na wagonjwa wake, akaheshimiwa na kushiba. Lakini alipoingia shule za vijijini aliona watoto wamepangwa kama magunia, wakikariri kwa sauti moja maneno ya vitabuni ambayo hakuna mama aliyeyasema jikoni kwake. Mtoto aliweza kuimba ukurasa mzima asijue umesema nini. Daktari akaona ugonjwa mkubwa uko pale. Akauacha utabibu. Akawaita walimu wenyewe wakae kwenye madawati, akawaonyesha jinsi ya kuanza na sauti iliyomo kinywani mwa mtoto, neno analolijua, kitu anachokishika kwa mkono, ndipo herufi ifuate.

“Na wazazi?” Anselmo aliuliza. “Walimpenda?”

Radmila alikoroga kahawa yake. “Walimpenda sana. Hasa alipokwisha kufa.”

Wakacheka mpaka mwalimu wa Kiajemi akafungua mlango kuona kuna nini.

Radmila alipostaafu na kurudi kwao Novi Sad alimwachia Anselmo kopo lake jekundu la kahawa, tupu lakini bado linanukia. Kopo hilo likawa shule. Kila Alhamisi mchana, katika darasa la kuazima la shule moja ya Hallonbergen, kila mtoto aliingia na neno moja kutoka nyumbani, ameliandika mwenyewe, akalitia koponi. Walikuwa watoto wa Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi. Neno likitolewa, kila mmoja alisema kwao kitu hicho kinaitwaje na nani hukisema na akiwa anafanya nini. Hakuna aliyeambiwa amekosea. Kisha wakatunga hadithi ya neno hilo, wakaisoma, na mwisho kabisa, mwalimu akawaonyesha jinsi ambavyo lingeandikwa gazetini Dar es Salaam.

Wapo waliopinga. Katika mkutano mmoja wa chama chao cha wasemaji wa Kiswahili alisimama Goodluck, fundi wa kompyuta huko Kista na mwenyekiti wa chama, Mtanzania nadhifu anayepiga pasi hata suruali za jinzi.

“Mwalimu, kwa heshima zote. Jana mwanangu kaniambia anataka lengalenga. Sasa lengalenga ni mdudu gani?”

“Ni mchicha, Goodluck.”

“Basi aseme mchicha!”

“Kwako anasema mchicha. Kwa kina Colombe, wale Warundi, anasema lengalenga. Umepata mtoto anayeweza kula nyumba mbili, nawe unalalamika?”

Ukumbi ukavunjika mbavu. Goodluck naye akacheka, akainua mikono. Anselmo akangoja watulie, akasema lile alilokuwa akilisema siku zote, kwamba Kiswahili sanifu ni nguo ya Jumapili na lazima kila mtoto awe nayo, imefuliwa, imenyooshwa. “Lakini mtoto asiye na nguo ya kushindia, akiivua hiyo ya Jumapili atavaa nini?”

Tangu siku hiyo Goodluck alikuwa mtetezi wake mkubwa. Kwa maneno.

Basi Aprili ile Mwalimu alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Angeweza kutuma ujumbe kwenye kundi la simu, lakini kwake jambo la heshima husemwa uso kwa uso. Alianza kwa Goodluck, ambaye watoto wake wawili walikuwa darasani.

“Karibu Mwalimu, karibu sana! Mama watoto, Mwalimu kaja! Viatu acha hapo hapo.”

“Goodluck, nimekuja kwa jambo moja tu.”

“Hata yangekuwa kumi.”

“Maombi ya darasa. Mwisho katikati ya Mei. Ni lazima mzazi mwenyewe, mimi siruhusiwi kukuombea.”

“Mwalimu!” Goodluck alijishika kifua kama aliyechomwa. “Na hilo nalo ni la kukutoa nyumbani? Nitakuwa mtu wa namna gani nikikukatalia wewe?”

Sikilizeni vizuri jibu hilo. Hakusema ataomba. Alisema hawezi kukataa. Kati ya maneno hayo mawili kuna shimo ambalo darasa zima lilitumbukia. Watoto wake walikuwa wamekwisha kuandikishwa kuogelea siku ya Alhamisi, na mkewe alijua, na Anselmo alimwona mkewe akiinamia sahani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa mle. Aliona. Akachukua sambusa ya pili.

Nyumba zilizofuata ikawa vile vile. “Mwalimu, wewe ni mzazi wetu.” “Tutaomba, Mungu akipenda.” “Wiki hii hii.” Kila mmoja alihesabu moyoni kwamba wengine watatosha, mtoto wangu mmoja hawezi kuangusha nyumba. Valéry, Mrundi wa Fisksätra mwenye watoto watatu, alipiga simu mwenyewe akibembeleza wake waingie. Lakini Fisksätra ni Nacka, manispaa nyingine, hawahesabiki. Yule aliyetaka kwa moyo hakuruhusiwa, na walioruhusiwa walitaka kwa mdomo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Libérate, mama yake Colombe. Ni mwanamke wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, anasafisha maofisi Kista na kurudi amechoka mpaka nywele. Alimsikiliza Anselmo hadi mwisho, kisha akatoa simu mfukoni.

“Niko najaza sasa hivi, Mwalimu. Nikisema kesho nitasahau.”

“Haina haraka, mama.”

“Ina haraka. Ngoja.” Akabonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena, akaweka namba yake ya siri. “Tayari. Ona.”

Anselmo aliona aibu kidogo, kana kwamba mtu amefunua sufuria mbele ya mgeni. Libérate alimtazama.

“Na wengine, umewaona wakijaza?”

“Wamenipa neno lao.”

“Neno halifiki manispaa, Mwalimu.”

Colombe, aliyekuwa akichora mezani, msichana wa miaka minane mwenye pengo la meno ya mbele, alicheka sana kwa hilo. Alicheka kama wanavyocheka watoto mama zao wanaposema kweli.

Njiani Anselmo alilifikiri neno lile. Angeweza kurudi kwa Goodluck na wengineo akasema: toa simu, ujaze nikiona. Lakini kumwambia mtu hivyo ni kumwambia sikuamini. Mtu wa Kamachumu aliyelelewa vizuri hawezi. Winifrida, alipoelezwa, aliweka chini mwiko.

“Anselmo, rudi.”

“Siwezi kuwadhalilisha watu majumbani mwao.”

“Ndiyo ya mtu mwenye adabu si ndiyo. Wewe hujui hilo? Mama yako alimwambia ndiyo kila padri aliyepita, na mpaka anakufa alikuwa na mti wake wa matambiko nyuma ya nyumba.”

“Mama yangu mwache apumzike.”

“Nampumzisha. Wewe ndiye unayelala.”

Hakurudi. Huo ndio ukweli wake wote, na ulimtosha kumvunja. Mtu aliyewapigania watoto waseme kilichomo vinywani mwao hakuthubutu kuwauliza wakubwa kilichomo mwao.

Juni ilifika na mchana wake usiokwisha. Watoto walifanya Alhamisi yao ya mwisho kabla ya likizo, wakala aiskrimu, wakalifuta kopo kwa kitambaa, Anselmo akalichukua nyumbani kama afanyavyo kila mwaka. Kesho yake Ijumaa Hanna akamwita. Safari hii hakumvutia kiti. Alisimama naye karibu na dirisha.

“Wanne, Anselmo. Nilingoja muda mrefu kupita siku ya mwisho. Sikupaswa hata kungoja.”

“Wanne.”

“Saa za Alhamisi zimegawiwa darasa jingine. Nasikitika sana.”

Hakuuliza nani kaomba na nani hakuomba. Alimshukuru kwa Kiswidi, akampa mkono, akapita kando ya kiti ambacho hakukikalia, akatoka.

Nyumbani Winifrida alijua kabla hajavua koti.

“Nani?”

“Sikuuliza. Sitaki kujua.”

“Mimi nataka! Maana kesho wote watakuwa ukumbini wanakula mbele yako.” Akajishika mdomo. Aliapishwa asiseme. Chama kilikuwa kimeandaa sherehe ya kumshangaza Mwalimu, kumpongeza kwa miaka zaidi ya kumi na mitano ya darasa, pilau sufuria tatu, kanzu mpya, kila kitu. Walikuwa wakipanga tangu Aprili. Tangu Aprili! Wiki zile zile za maombi. Walipata muda wa kupima kola ya kanzu kwa kuiba shati lake la zamani, wakakosa dakika ya kubonyeza simu.

Anselmo aliketi. Alicheka kidogo, kicheko cha Radmila, kisha kikamkatikia njiani.

“Nenda,” Winifrida alisema, sauti imeshuka. “Nenda, ule, wakikupa kipaza sauti uwaambie. Usiwatukane. Waambie tu: wanne. Neno moja. Umewafundisha watoto wao miaka yote hii kusema neno moja la kweli. Kesho ni zamu yako, mume wangu.”

“Nitawaambia.”

“Unaniambia ndiyo?”

Alimtazama mkewe. “Nitawaambia, Winifrida.”

Jumamosi mchana ukumbi ule wa chini ya maghorofa ya Hallonbergen ulijaa mpaka kwenye ngazi. Vitenge, manukato, iliki. Hata Valéry alikuja na watoto wake watatu kutoka Fisksätra. Alipoingia Mwalimu vikapigwa vigelegele ambavyo jirani wa Kiswidi wa ghorofa ya pili alitoka roshani kuvisikiliza. Walimvika kanzu. Ilimkaa sawasawa. Walimkalisha kwenye kiti kilichopambwa kwa utepe. Vijana walioondoka darasani zamani, wengine wana ndevu, walikuja kumshika miguu, wakimsalimia kwa Kiswahili chenye makosa matamu, na wengine walilia kweli. Kama ungewaona ungesema: hapa kuna watu wanaojua thamani ya mwalimu. Na walikuwa wanaijua! Ndiyo maana hasira haina pa kukaa.

Goodluck alishika kipaza sauti. Alikuwa jikoni tangu alfajiri, shati limelowa jasho, macho mekundu kwa vitunguu.

“Ndugu zangu! Nani hapa mtoto wake, au yeye mwenyewe, amepita kwa Mwalimu? Mikono juu!”

Mikono ikapanda ukumbi mzima, kama msitu. Anselmo aliitazama mikono ile. Ilipanda haraka, bila uzito wowote.

“Basi nasema hivi,” Goodluck akapaza sauti, “darasa hili halifi! Tutakufa sisi, darasa litabaki!”

Vigelegele. Mkewe Goodluck, pale mezani, alikuwa akiitazama sahani yake.

Kisha wakampa Mwalimu kipaza sauti.

“Nawashukuru,” alisema. “Nawashukuru wote mliopika, mlioshona.” “Jana niliitwa ofisini.”

Winifrida aliinua kichwa. Goodluck, akiwa bado anahema, alitabasamu kumtia moyo, tabasamu safi kabisa la mtu asiyejua kwamba ni yeye na wenzake walioliua darasa. Na Anselmo aliona kilichofuata kana kwamba kimekwisha tokea: tabasamu lile likianguka, mkewe akiinuka kutoka nje, wazazi wakitazamana kila mmoja akitafuta aliyeshindwa ni nani, wakinyatiana kwa macho, na yeye amesimama katikati amevaa kanzu yao huku akiwavisha kibao mmoja baada ya mwingine. Mbele ya watoto wao. Alijua haikuwa haki kufananisha. Kweli si kibao. Lakini mkono wake uliokuwa umeshika kipaza sauti haukujua hivyo.

“Mwalimu!” Ilikuwa sauti ya Colombe kutoka meza ya watoto, amesimama juu ya kiti. “Naenda Buyenzi likizo! Nitaleta neno la bibi yangu, neno ambalo hata mama halijui! Alhamisi ya kwanza ya Septemba, si ndiyo? Tutaonana?”

Ukumbi ukacheka kwa furaha. “Sikia huyo!” mtu akasema. “Huyo ndiye mwalimu wa kesho!” Wote wakamgeukia Anselmo na nyuso zilizolainika, wakingoja.

“Ndiyo,” alisema. “Tutaonana.”

Lilitoka laini sana. Halikumkwaruza koo hata kidogo. Katika kelele za kushangilia, akiwa amesimama na utepe ukimning’inia begani, Mwalimu aliwaelewa wazazi wake wote, mmoja mmoja, jinsi ilivyo rahisi, jinsi ambavyo wakati huo hasa halionekani kuwa uongo. Winifrida aliweka uma wake chini. Jioni ile walitembea kurudi nyumbani wamebeba pilau kwenye makopo ya aiskrimu, na mwanamke yule mwenye ulimi akamshika mkono tu.

Barua za manispaa zilifika katikati ya likizo. Wazazi walisoma kwamba darasa halipo. Walisikitika sana. Wengine walipiga simu kwa Mwalimu kumpa pole na kuilaumu manispaa. Goodluck alisema ni ubaguzi, chama kitaandika barua kali. Anselmo alimwambia ndiyo, ni wazo zuri.

Hata hivyo, Alhamisi ya kwanza ya Septemba alitoka. Alimwambia Winifrida anakwenda kununua maziwa. Hakutaka kuingia, alitaka tu kupita nje ya shule na kuhakikisha kwamba hakuna mtu, ili moyo wake ukubali. Miti ya pale ilikuwa imeanza kuwa na majani ya njano huku na huku, kama nywele za mvi za kwanza.

Colombe alikuwa ameketi kwenye ngazi za mlango, begi magotini. Upande wa pili wa uwanja, karibu na lango, Libérate alisimama na sare yake ya usafi, mikono mifukoni. Hakumsogelea. Alimtazama Mwalimu kwa mbali, akatikisa kichwa kidogo, kama kusema: mimi nimeshindwa, mwambie wewe.

“Nilijua!” Colombe aliruka. Meno yake yalikuwa yameota. “Mama anasema barua imekuja, hakuna darasa. Nimemwambia Mwalimu alisema tutaonana. Alisema mbele ya watu wote.”

“Nilisema.”

“Wengine wamechelewa?”

“Hapana.”

“Wanakuja?”

Anselmo aligeukia dirisha. Ndani, nyuma ya kioo, watoto wengine walikuwa wakivuta viti katika chumba kile kile, na mwalimu wao, kijana asiyemjua, alikuwa akiandika ubaoni kwa lugha nyingine nzuri.

“Hapana, Colombe. Hawaji. Mama yako anasema kweli. Nilijua siku ile ile, na nilikwambia ndiyo.”

Msichana alimtazama, si kwa hasira. Alikuwa akijaribu kuelewa, kwa uso ule ule aliokuwa nao darasani neno gumu likitoka koponi. Ilikuwa “hapana” ya kwanza ya wazi iliyosemwa katika jambo hili lote tangu mwezi Machi, na aliyeipokea alikuwa yule mmoja aliyestahili ndiyo.

Alifungua begi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaishika. Alichungulia mikono ya Mwalimu, kisha mifuko ya koti lake.

“Hukuja na kopo?”

“Sikuja nalo.”

“Sasa neno la bibi nilipeleke wapi?”

Libérate alikuwa amekwisha kuanza kuvuka uwanja. Anselmo aliketi pole pole kwenye ngazi, na mtoto akabaki amesimama mbele yake, karatasi mkononi, akingoja mwalimu wake aseme.